Kompyuta ya Vyumba Viwili

Injinia hakuwahi kusomea uinjinia. Chuo cha ufundi alikijua mpaka getini tu, maana hapo ndipo alipokuwa akiuza biskuti kabla mlinzi hajamtimua. Lakini jina likishamkaa mtu limemkaa, na hili lilimkaa vizuri, hasa alipolibeba pamoja na mkoba mweusi, kalamu mbili za mfukoni na ile sauti yake ya chini inayomfanya mteja aone aibu kuuliza swali la pili. Asubuhi hiyo alikuwa kwenye benchi la nje ya duka la fotokopi, yaani ofisini kwake, akiwaza pikipiki.

Msimcheke. Jumapili alitakiwa kwenda kujitambulisha kwa shangazi wa Mshonaji, na Mshonaji, tuseme ukweli mapema tusije tukasumbuana, alikuwa ndiye binadamu pekee mjini ambaye Injinia hakuwahi kumuuzia kitu. Alimpenda. Alimpenda mpaka akawa anazichana suruali nzima ili apate cha kupeleka kutiwa viraka.

"Shangazi ndiye aliyenilea," Mshonaji alikuwa amemwambia, pini zikiwa mdomoni. "Akikukataa, ndiyo basi. Na ana jicho."

"Jicho la namna gani?"

"La kuona. Lakini wewe usihangaike, njoo tu ulivyo."

Injinia alicheka sana. Aje alivyo! Tangu azaliwe hajafika mahali popote alivyo. Kwa hesabu zake, jicho la shangazi likifunguka litaona vitu viwili, usafiri na mavazi, na mwanamume anayefika ukweni kwa miguu na viraka magotini atadhaniwa amekuja kuomba maji. Kwa hiyo aliwaza pikipiki, na akipata nafasi aliwaza suti.

Ndipo ikasikika sauti kutoka ndani ya fotokopi.

"Hii mashine itaniua! Natamani ningekuwa na mbili!"

Alikuwa mama wa makamo, kitambaa kichwani, mkono mmoja kiunoni na mwingine ukiipiga laptopu kuukuu vibao vya mgongoni kama mtoto aliyepaliwa. Mwenye duka alimuuliza mbili za nini, na yule mama, badala ya kunong'ona kama watu wenye mambo ya kificho, alitangaza.

"Moja ya kumwonyesha kaka yangu na moja yangu! Tunakodisha viti na mahema pamoja. Kila nikipata harusi nzuri, yeye huyo, kaifungua mashine, kaiona, kadai nusu! Viti nabeba mimi, nusu anataka yeye!"

Masikio ya Injinia yalisimama. Katika kazi yake hakuna mteja mtamu kuliko mwenye kitu cha kuficha. Mtu wa namna hiyo hata ukimuuzia mbuzi kwenye gunia hana pa kwenda kulalamika, maana itabidi aanze kwa kueleza gunia lilikuwa la nini. Akasimama, akajipangusa vumbi, akaingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama unauza vocha, sitaki."

"Mimi siuzi kitu, mama. Mimi ni Injinia." Akanyamaza kidogo ili jina lifanye kazi yake. "Nimesikia shida yako bila kukusudia. Mama yangu, kompyuta mbili za nini? Hiyo moja ni jumba. Ndani yake anaishi mfumo mmoja tu wa kuiendesha, kajitandaza sebule nzima miguu juu ya meza. Sisi wataalamu tunajenga ukuta katikati, tunaingiza mpangaji wa pili. Kesho ukiiwasha, mashine yenyewe inakuuliza kwa adabu: leo tunaingia chumba gani? Kaka yako akiwasha, ataingizwa chumba cha mbele, atakuta picha ya ua na saa ya ukutani. Wewe unabonyeza mshale wa chini mara moja, unaingia chumba cha siri na harusi zako."

"Acha!"

"Haki ya Mungu."

Jambo lililomkera Injinia kidogo ni kwamba yote aliyoyasema yalikuwa kweli. Hakulizoea hilo. Alijiliwaza kwa yale aliyoyaacha, kwamba huo mfumo wa pili hutolewa bure duniani kote kwa yeyote mwenye intaneti na subira, na kwamba yeye alikuwa nao kwenye flashi iliyoning'inia shingoni mwake kwa uzi wa kiatu.

"Na gharama?" aliuliza yule mama, ambaye watu wa mtaani walimwita Mama Viti.

"Gharama tutaongea, mama. Kwanza nione mazingira ya kazi."

Mazingira ya kazi yalikuwa ghala lenye viti vya plastiki vilivyopandana mpaka darini, mahema yaliyokunjwa, na rundo la vile vitambaa vyeupe vya kuvisha viti siku za sherehe. Na katikati ya ua, ikionekana vizuri kabisa kutoka dirishani, ilisimama pikipiki nyekundu.

Injinia akasogea dirishani.

"Hiyo imekaa tu, mama?"

"Hiyo? Imekaa tu. Mimi na magoti haya nitaipanda vipi? Tairi la nyuma limeisha, kioo kimevunjika, tangi kavu, na kuku wamelala juu yake."

"Mama, mimi na wewe tutatajiana pesa kweli? Wewe ni kama mzazi wangu. Nikimaliza, nipe hiyo takataka nikuondolee uani."

Mama Viti alijikuna shavu, akamtazama kwa muda, akahema kwa uchungu wa mtu anayedhulumiwa. "Haya, mwanangu. Kwa kuwa umeniita mzazi."

Basi Injinia akaketi kazini. Hapa inabidi tueleze utaratibu wake, kwani ndio uliomponza. Mafundi wengine wakipewa mashine huifungua kwanza, wakatazama kilichomo, wakatoa nakala pembeni, ndipo waguse. Injinia aliona hizo ni tabia za waoga. Yeye alichomeka flashi, akawasha, na kila mashine ilipomuuliza jambo alijibu "Endelea" kwa kidole kimoja huku kile kingine kikipapasa kidevu. Endelea, endelea, endelea. Mteja akiona hivyo huvimba kwa imani.

Lilikuwepo swali moja tu la kusoma. Mashine iliuliza: mfumo huu niuweke kando ya ule uliopo, au nifute diski yote na nianze upya? Swali hilo lilikuja wakati jua limeangukia tangi la ile pikipiki likameremeta, na Injinia alikuwa tayari Jumapili, anakata kona, tai inapepea, majirani wa shangazi wanatoka nje kuangalia. Akabonyeza. Endelea.

Aliporudisha macho kwenye kioo, maandishi yalikuwa yanamwarifu kwa upole kwamba diski imefutwa yote.

Jasho jembamba likamtoka. Harusi za Mama Viti, hesabu za viti, majina ya maharusi, kila kitu, kwaheri ya kutoonana tena. Mtu mwaminifu angelia. Mtu mwoga angeruka dirishani. Injinia alikohoa, akaomba maji ya kunywa, na Mama Viti alipotoka kuyafuata akachomeka flashi tena, akaweka mfumo uleule mara ya pili, safari hii kando ya mwenzake. Mapacha. Kisha akabadilisha majina kwenye orodha ya kuwashia, na mashine ilipoamka ikaonyesha mistari miwili safi: Chumba cha Mbele, na chini yake, Chumba cha Siri. Vyumba vyote vitupu, lakini milango ilipendeza.

"Mbona inawaka haraka hivi?" Mama Viti alishangaa aliporudi. "Zamani ningekuwa nimeshachemsha chai."

"Ndiyo uinjinia huo."

"Na rangi zimebadilika."

"Nimekupakia rangi. Hiyo zawadi."

"Na harusi zangu ziko wapi?"

"Zimelala, mama. Chumba cha siri."

"Zote? Hata ile ya mwenye kiwanda cha magodoro?"

"Hiyo!" Injinia alijifuta kipaji cha uso. "Hiyo ndiyo iliyonitoa jasho, mama. Nzito! Nimeivuta kwa mikono miwili. Ile harusi ina viti mpaka mlangoni."

"Nifungulie niione."

"Usithubutu." Sauti ikashuka, ile ya chini. "Faili zikihamishwa huwa na kizunguzungu. Ziache zipumzike hadi Jumatatu. Ukizifungua kabla ya hapo zitatawanyika, na mimi sitakuwa na la kukusaidia."

Mama Viti aliufunika mdomo kwa kiganja, mabega yakimtikisika. Injinia alidhani ni hofu. Akapewa ufunguo, akainamisha kichwa kwa heshima, akaanza kuikokota pikipiki kuelekea getini kabla Jumatatu haijafikiriwa zaidi.

Getini alisimama mzee mwembamba, tai shingoni juu ya shati la kazi, mfuko wa nguo mkononi. Huyu alikuwa Mzee Tai, kaka mwenyewe, adui wa chumba cha siri.

"Kijana," alisema akimzibia njia, "dada yangu amekutengenezea nini humo ndani? Au tuseme, wewe umemtengenezea nini?"

"Shikamoo, mzee. Mambo ya kitaalamu tu."

"Anaficha kitu. Mimi namjua tangu ananyonya." Mzee akausogeza mfuko mbele. "Humu mna suti mpya. Nilishonewa, imenikataa. Huku inabana, huku inamwagika. Naona wewe ungeivaa. Lakini mimi suti sigawi bure, nagawa kwa mtu wa kunong'onezana naye."

Lazima tukiri kwamba Injinia alisita. Alisita kwa muda wa kutosha kuivuta zipu ya mfuko na kuona kitambaa cha rangi ya kijivu chenye bitana ya hariri. Kisha akamwinamia mzee sikioni.

"Mshale wa chini, mzee. Mara moja. Kuna chumba cha pili."

"Alaa! Na nitaiona harusi ya mwenye kiwanda cha magodoro?"

"Utaiona, mzee, tena na mapambo yake. Lakini usiifungue kabla ya Jumatatu, itapata kizunguzungu."

Mzee Tai aligeuka ghafla akaanza kukohoa ukutani. Injinia akamwombea afya njema, akaondoka.

Siku zilizobaki aliishi kama mtu mwenye homa. Pikipiki aliisugua mpaka akaijua kila nati. Alinunua tairi, alinunua kioo, alijaza tangi mpaka mdomoni, na ili avinunue aliuza redio yake na godoro lake, akawa analala juu ya mkeka akiimba. Suti alipoijaribu alipiga ukelele. Haikubana, haikumwagika. Mabega yalikaa begani, kiuno kikakaa kiunoni, hata bega lake la kushoto ambalo limeshuka kidogo suti ilikuwa imelihurumia. "Wewe Injinia," alijiambia kwenye kioo cha pikipiki, "una bahati ya kuogopesha."

Jumapili akakata kona ya shangazi kama alivyoota. Geti la bluu nyuma ya shule, kama alivyoelekezwa. Majirani walitoka kweli. Alizima pikipiki, akaachia ufunguo palepale kwa madaha ya mtu mwenye pikipiki nyingine nyumbani, akapiga hodi.

"Karibu ndani," ilijibu sauti ya kuita watu wa mtaa wa pili.

Aliijua ile sauti. Miguu iliijua kabla yake, ikataka kurudi, lakini suti ilikuwa imeshaingia mlangoni. Kwenye kochi aliketi Mama Viti, kanga mpya, mikono imekunjwa mapajani. Pembeni yake Mzee Tai, na tai safi. Na kwenye mlango wa ndani alisimama Mshonaji, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, hacheki.

"Shi… shikamoo, shangazi."

"Marahaba, Injinia. Umependeza. Kaa."

"Suti imekukubali," alisema Mzee Tai. "Mimi baba yake mdogo. Pole kwa safari."

Injinia alikaa kwenye ncha ya kiti. Mama Viti akavuta stuli, akaweka laptopu katikati ya vikombe, akaiwasha. Mistari miwili ikajitokeza.

"Jumatatu bado, shangazi," Injinia alisema kwa sauti nyembamba. "Kile kizunguzungu…"

"Zitazoea." Kidole cha shangazi kikabonyeza mshale wa chini. Chumba cha siri kikafunguka, cheupe, kitupu, hata kijifaili kimoja hakuna. "Haya, mkwe. Nionyeshe harusi ya mwenye kiwanda cha magodoro."

Sasa mjue kwamba Injinia alikuwa na majibu. Yalikuwa yameshajipanga mdomoni kama abiria mlangoni: kuna virusi, kuna umeme mdogo, kuna mtu kaigusa, na mtu huyo ana tai. Hilo la mwisho lilikuwa zuri mno, lilimwasha ulimi. Aliinua uso aliseme, akakutana na macho ya Mshonaji. Yalikuwa yakimtazama kama mtu aliyeweka dau kubwa na anaona mchezo unaisha vibaya. Injinia akajisikia aibu. Aibu ya kweli, ya tumboni, kitu ambacho hakuwahi kukitia mkononi tangu enzi za biskuti.

"Haipo, shangazi," alisema. "Niliifuta. Nilibonyeza vibaya nikiangalia pikipiki. Nimefuta harusi zako zote, kisha nikakudanganya, kisha nikakuuza kwa mzee huyu kwa suti. Sina la kujitetea. Nisamehe."

Halafu Mama Viti akaangua kicheko mpaka vikombe vikagongana, Mzee Tai akajiinamia akijipiga mapaja.

"Umefuta nini, wewe!" shangazi alisema akijifuta machozi. "Humo hamkuwa na kitu! Kazi zangu zote ziko kwenye simu. Na huyo mwenye kiwanda cha magodoro nimemtunga mwenyewe palepale, kaka akisikiliza dirishani. Nawe ukasema alikuwa mzito! Ukamvuta kwa mikono miwili!"

"Na mapambo yake!" alidakia Mzee Tai.

Injinia akakitazama tena kile chumba cheupe. Alikuwa amefuta utupu, akauficha utupu, akauuza utupu mara mbili.

Mshonaji alisogea mbele. "Shangazi alisema atakupima kwa njia yake, nisikutonye. Mimi nikamwambia hutadanganya. Nilikutetea, unajua? Nilikutetea sana."

"Najua sasa."

"Hiyo pikipiki ni yangu. Nimeinunua mwezi huu, ya kupelekea wateja nguo, nikaiacha kwa shangazi mpaka nipate hela ya tairi."

"Tairi jipya," Injinia alisema kwa unyonge. "Na kioo. Na tangi limejaa."

"Asante. Na hiyo suti nimeishona mimi. Baba mdogo haijawahi kumpita hata mkononi. Nilikushonea wewe."

"Mimi? Vipimo ulivipata wapi?"

"Mwaka mzima natia viraka suruali zako, nisikijue kiuno chako? Hilo bega la kushoto nimelitazama mpaka nimelizoea." Akaivuta futi shingoni. "Ungekuja ulivyo, shangazi angekuvisha leo hapahapa. Ilikuwa yako tangu kwanza."

Hapo Injinia alitamani ardhi ipasuke. Alikuwa amewazunguka watu wazima wawili, kwa akili zake zote, ili aibe zawadi yake mwenyewe.

Mama Viti alikohoa kihakimu. "Nilitaka kuona kama mtu huyu ana neno moja la kweli mwilini. Limetoka moja. Limechelewa, limetoka kwa kuvutwa, lakini limetoka, na halikumsingizia kaka yangu ingawa nimeliona wazo likimpita usoni. Kwa hiyo simkatai. Ila simkubali. Avue suti, itundikwe. Kuanzia kesho abebe viti."

"Mpaka lini, shangazi?"

"Mpaka nitakapochoka kukuona unabeba."

Aliivua suti chumba cha nyuma, akapewa ovaroli kuukuu ya Mzee Tai iliyoandikwa mgongoni kwa herufi kubwa VITI NA MAHEMA. Akatoka kwa miguu, majirani walewale wakiangalia. Alipofika mwisho wa barabara akasimama ghafla, akageuka, akarudi mpaka getini, ambako shangazi alikuwa akiizunguka pikipiki kwa kuridhika.

"Samahani, shangazi. Hiyo laptopu. Kabla yangu, ilikuwa ikifanya kazi kweli?"

"Wapi! Ilikuwa inakufa tangu mwaka jana. Kila fundi ananiambia inataka mfumo mpya, na kila mmoja na bei yake."

"Na sasa?"

"Sasa inaruka! Tena umeniwekea vyumba viwili. Kimoja changu, kimoja cha kaka, kila mtu na chumba chake, ugomvi hakuna. Nilikuwa nataka hivyo hivyo."

Injinia akazijumlisha zile hesabu pale barabarani. Mfumo mpya, bure, mara mbili. Tairi, kioo na mafuta, kwa redio na godoro lake. Na mbebaji wa viti asiye na mshahara wala tarehe ya mwisho. Akamtazama yule mama kwa heshima ambayo hakuwahi kumpa mtu yeyote, akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini ukingoni mwa barabara na ovaroli yake. "Na mimi nilikuwa najiita mjanja!"

"Kesho asubuhi," alisema Mama Viti. "Usichelewe."

Kesho yake alibeba viti mpaka mikono ikamsahau. Mgeni mmoja wa sherehe alimuuliza anafanya kazi gani, na Injinia akavuta pumzi, ile sauti ya chini ikaanza kujipanga yenyewe kooni. Pikipiki ikapiga honi nyuma yake. Mshonaji alikuwa juu yake, furushi la nguo za wateja mbele, na alikuwa amesikia swali.

"Nabeba viti," Injinia alimjibu mgeni.

Mshonaji akasogea mbele kidogo kwenye kiti cha pikipiki, akaacha nafasi nyuma.

"Nimechafuka," Injinia alisema. "Nina jasho. Ovaroli yenyewe ya baba mdogo. Ngoja angalau ninawe…"

"Unapanda au hupandi?"

Injinia akajitazama kuanzia viatu mpaka kifuani, hakuona cha kuongeza. Akapanda alivyo.